Vigae vya Athene na Mizani ya Melkizedeki

Jumatatu, 22 Aprili 2024

Miguu inawaka moto. Asubuhi yote nimesimama darasani, na mchana nimebebeshwa vipindi vya mwalimu aliyekwenda kujifungua. Nina miaka hamsini na mbili, jamani, si msichana.

Kidato cha Tatu wamefika mada ya demokrasia kwenye somo la Uraia. Kitabu kinawapa Wagiriki wa kale mistari miwili: demokrasia ilianzia Athene, wananchi walikutana uwanjani wakaamua mambo yao. Kwisha. Hao watu niliwapenda tangu chuoni, na pamoja na kuchoka kwangu kote, mtu akiwapa mistari miwili napandwa na hasira. Nikafunika kitabu. Nikawaeleza wanafunzi kwamba nchi ya Athene ilikuwa ya mawe na vumbi, ngano haikubali vizuri, wakategemea mafuta ya zeituni kama sisi tunavyotegemea mafuta ya alizeti. Nikawaambia sokoni kwao walikuwepo maofisa waliochaguliwa kwa bahati nasibu, kazi yao kukagua mizani na vipimo ili mtu asipunjwe.

Eliana, binti wa mwenyekiti wa kijiji, akanyoosha mkono.

"Madam, ndio hao Wayunani wa kwenye Biblia?"

"Ndio hao hao."

"Na wanawake walipiga kura?"

"Hawakupiga. Wala watumwa, wala wageni."

"Sasa hiyo ilikuwa demokrasia ya nani?"

Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka, baada ya siku nyingi.

Ijumaa, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nilidhani nitalala. Mvua imenyesha asubuhi, mvua isiyotakiwa na mtu, alizeti zimeshakomaa zinasubiri jua tu. Ilipokatika, wageni wakaanza.

Wote wanakuja kwa ajili ya mume wangu. Melkizedeki ni karani wa mizani kwenye ghala la ushirika hapa kijijini kwetu, ng'ambo ya Misigiri. Gunia la kila mkulima lazima lipite mkononi mwake kabla halijauzwa. Ana bambo lake, kile chuma chenye mfereji, analichoma gunia juu, katikati na chini, anamimina mbegu kiganjani, anatafuna moja. Mbegu ikilia kavu, gunia linapita. Isipolia, anasema, "Mbichi. Karudishe ukaanike," na haongezi neno. Uwe shemeji yake, mbichi. Uwe mchungaji, mbichi. Wanunuzi nao wakija na lumbesa, yale magunia yanayoshindiliwa mpaka yanaota kichwa, anawarudisha vilevile. Kwa hiyo pande zote mbili wamemchoka, na wote wananiletea mimi malalamiko.

Leo alikuja mke wa mchungaji. "Mama Marietha, mwambie mzee mwaka huu alegeze kidogo." Marietha ni binti yetu, anasomea uuguzi Dodoma. Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Nimemwambia tangu Marietha anatambaa.

Watu husema nina bahati, nimeolewa na mtu wa haki. Waje wao wakae naye wiki moja.

Jumanne, 30 Aprili

Leo nimefundisha kama zamani. Nilikuwa nimewaagiza kila mmoja aje na kigae, kipande cha chungu kilichovunjika. Vilijaa mezani, vingine bado vina masizi ya jikoni.

Nikawaeleza. Mara moja kwa mwaka watu wa Athene walijiuliza: yupo kati yetu mtu aliyetuzidi, ambaye ingefaa akae mbali kidogo? Wakisema yupo, wanazungushia uwanja wa soko uzio, kila raia anaingia na kigae alichokwaruza jina. Vigae vikifika elfu sita, aliyeandikwa na wengi anaondoka mjini miaka kumi. Hashtakiwi. Hapigwi. Shamba lake linabaki lake, mke na watoto hawaguswi. Miaka ikiisha anarudi na heshima yake yote.

Kisha nikawapa habari ya Aristide. Alikuwa kiongozi mnyoofu mpaka wakampa jina la Mwenye Haki. Siku ya vigae, mkulima mmoja asiyejua kuandika akamfuata, bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina: Aristide. Akamuuliza, "Amekukosea nini?" Yule akajibu, "Hajanikosea kitu, simjui hata sura. Nimechoka tu kusikia kila mahali anaitwa Mwenye Haki." Aristide hakubisha. Akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae.

Nikawaambia sasa na wao wapige kura. Wakamtoa Chediel, kiranja, kwa sababu anaandika majina ya wapiga kelele bila kuruka mtu, hata rafiki zake. Maskini, machozi yakamlengalenga. Nikamwambia ni mchezo, cheo chake anacho. Wenzake wakaguna.

Ijumaa, 3 Mei

Wizi shambani. Vichwa vya alizeti vimekatwa kwa kisu usiku, mistari mizima imebaki mabua matupu. Kwa jirani, kwa mchungaji, na kwetu pia.

Jumatatu, 6 Mei

Mwenyekiti Hezekia amenikuta njiani natoka shule. Amesema Jumamosi mkutano wa kijiji utapiga kura za siri kumtaja mwizi. Hilo si jipya, vijiji vingi hufanya hivyo wizi ukizidi: kila mtu anaandika jina la anayemshuku, atakayetajwa na wengi anatengwa. Ananiomba niwaandikie wasiojua kuandika.

"Binti yangu amenieleza habari za Wagiriki wako," akasema. "Kumbe jambo letu hili la wasomi!"

"Mwenyekiti, vigae havikuwa vya wezi. Mwizi Athene alipelekwa mahakamani, na ushahidi."

"Sawa sawa, Mwalimu. Lakini wazo ni lile lile."

Nilikuwa na rundo la madaftari mkononi na jua linanichoma shingo. Nikasema haya, nitakuja. Ningebisha zaidi kama nisingekuwa nimechoka.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua tena. Chai bila sukari, nimesahau kununua.

Jumamosi, 11 Mei

Sijui nianzie wapi. Nianzie pale kwenye meza.

Waliniwekea meza uwanjani mbele ya ghala, chini ya paa la bati, na ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewa. Wanaojua kuandika walichukua karatasi wakaenda pembeni. Wasiojua, wengi wao wazee, walikuja kwangu, wananong'ona jina, naandika, nakunja. Majina ya ajabu ajabu. Mmoja alimtaja mkwewe. Mwingine alimtaja mtu aliyekufa mwaka jana, nikamkumbusha, akasema basi mwandike mdogo wake.

Akaja Bibi Theodora, anayekaa bondeni chini ya shamba letu. Mwanamke wa maneno makali, mgongo umeinama lakini ulimi haujainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie."

"Nimwandike nani?"

"Mumeo."

Nikaweka kalamu chini. "Bibi, unajua unaongea na nani?"

"Kwani mimi kipofu? Wewe ni mwalimu Editha, mke wa Melkizedeki. Andika."

"Melkizedeki ameiba alizeti?"

"Nani kasema ameiba? Yule hawezi kuiba hata punje."

"Sasa kura hii ni ya wezi, bibi."

"Kura ni yangu au ni yako?" Akaegemea meza. "Mwaka jana alinirudisha na gunia langu, nikaenda, nikarudi, akanirudisha tena. Na mgongo huu. Na kweli lilikuwa bichi, sikatai. Lakini kila mwaka nasimama mbele ya watu naonekana mwongo. Nimechoka. Akae pembeni kidogo, tupumue. Andika."

Nilimwangalia. Hajui kusoma, ningeweza kuandika jina lolote, au kukunja karatasi tupu, na asingejua mpaka kufa kwake. Aristide alikuja kichwani, ndiyo. Lakini si Aristide peke yake. Hapa sidanganyi: kuna kitu ndani yangu kilifurahi. Nilijiambia ni kura moja tu ya bibi kizee, acha Melkizedeki asikie jina lake likisomwa mara moja, labda atalegea. Nikaandika MELKIZEDEKI kwa herufi kubwa. Karatasi yangu mwenyewe niliitumbukiza tupu.

Hezekia akaanza kusoma. Jina la kwanza, kijana fulani mlevi. La pili, Melkizedeki. Watu wakacheka. La tatu, Melkizedeki. Wakacheka tena, wengine wanamgeukia, naye amesimama mlangoni mwa ghala amefunga mikono. Kisha likasomwa tena, na tena. Kicheko kikaisha. Nikaona nyuso zinavyobadilika, nikaelewa, maana ndicho kilichonipata mimi: kila mmoja alidhani yuko peke yake. Kila mmoja alitaka kumfinya kidogo tu. Ndoo ilipoisha, aliyemfuatia alikuwa mbali huko nyuma.

Hezekia akafuta jasho. Nadhani hata yeye hakutegemea, na sura yake iliniambia kwamba na yeye alikuwa ameandika. Lakini alishatangaza masharti mapema, mbele ya wote, na hakuwa na uso wa kuyarudisha. Akasema sheria ni sheria. Melkizedeki atoke kwenye mizani, na nyumba yake itengwe, mpaka alete mbuzi na kuomba radhi mkutanoni. Asisalimiwe, asisaidiwe, asiitwe msibani wala harusini. Atakayevunja naye ataitwa.

Melkizedeki akaingia ndani, akatoka na bambo na funguo za ghala, akamkabidhi Hezekia mkononi. Akasema, "Mizani inahitaji kusawazishwa kila asubuhi kabla ya kuanza." Tukaondoka.

Nyumbani nikamwambia hapo hapo, kabla hata sijavua viatu. Nikasema, "Moja ya zile kura nimeiandika mimi, kwa niaba ya Bibi Theodora."

Akafikiri. "Uliandika jina alilolisema?"

"Ndiyo."

"Herufi zilisomeka?"

"Zilisomeka, Baba Marietha."

"Basi ulifanya sawa. Kura ilikuwa yake." Akaenda kufunga mbuzi.

Nilitaka anitukane. Mtu wa kawaida angenitukana, nikalia, akaninyamazisha, yakaisha. Huyu hapana. Nimekaa jikoni mpaka moto umezimika wenyewe.

Jumapili, 12 Mei

Kanisani benchi letu tulikaa wawili. Mchungaji amehubiri upendo.

Jumatano, 22 Mei

Nilidhani kinachouma kitakuwa maji au moto wa kuazima. Siyo. Kinachouma ni shikamoo.

Asubuhi naingia darasani, wanafunzi wote wanasimama, "Shikamoo, madam!" kwa sauti moja, maana ni utaratibu wa shule. Jioni nakutana nao njiani, watoto wale wale, wanaangalia chini wananipita kama mti. Wamekatazwa majumbani. Watoto waliofundishwa kuamkia hata mlevi aliyelala mtaroni! Leo Eliana alinipita hivyo, kisha nikasikia analia nyuma yangu. Sikugeuka, nisije nikamponza kwa baba yake.

Mkuu wa shule ananisalimia ofisini mlango ukiwa umefungwa. Nje hanioni.

Na bado nafundisha Athene, mtihani unakaribia. Leo nimerudia pale pa vigae, na nilipofika kwenye "mke na watoto hawaguswi" nikasimama kidogo kunywa maji. Wale Wagiriki walikuwa na watumwa, wanawake wao waliwafungia ndani, siwatetei. Lakini walijua kumtoa mtu bila kumwita mwizi. Sisi tulitaka kumtoa karani, tukamwita mwizi kwa sababu kura iliyokuwepo ilikuwa ya wezi.

Jumamosi, 25 Mei

Karani mpya ni shemeji yake Hezekia. Wanasema foleni inakwenda haraka, watu wanaimba.

Ijumaa, 31 Mei

Shule imefungwa. Nimebeba mitihani ya kusahihisha, sina nguvu hata ya kuifungua.

Jumanne, 4 Juni

Upepo wa baridi umeanza, ule wa vumbi unaopasua midomo. Tunavuna wawili. Huku kwetu kuvuna ni kwa kusaidiana: leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika ugali na maziwa ya mgando, watu wanaimba mpaka shamba linaisha. Mwaka huu nimepika chakula cha watu wawili.

Unakata kichwa, unatupa kwenye kikapu, unakata kingine. Mchana mgongo ukakataa, nikakaa chini kati ya mabua nikalia. Melkizedeki aliniona, akaja, akachukua kikapu changu akakiunganisha na chake, akaendelea. Nilimchukia.

Saa tisa hivi nikasikia mtu anakata nyuma yangu. Bibi Theodora, na kisu chake cha jikoni.

"Bibi, utaitwa mkutanoni."

"Waniite. Nitakwenda na kigoda changu, wanihukumu nimekaa." Akatupa kichwa kikapuni. "Nilimpigia kura atoke kwenye mizani. Sikupiga kura mkewe afie shambani. Nani aliwaambia waunganishe?"

Amekata mpaka jua limepoa. Kuondoka akampita Melkizedeki, akamwambia, "Na wewe, punguza ukavu." Melkizedeki akasema, "Asante kwa msaada, mama." Loo, huyo mtu.

Alhamisi, 13 Juni

Tumegombana. Tuseme nimegombana mimi. Yeye alikuwa anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo.

Nikamwambia tuna mbuzi wanne. Mpeleke mmoja, sema samahani, yaishe.

"Samahani ya kosa gani?"

"Lolote! Chagua moja!"

"Nikiomba radhi watajua niliiba. Sikuiba."

"Hakuna anayeamini uliiba, Baba Marietha. Hakuna hata mmoja. Wamekuchoka! Na mimi nimekuchoka!"

Akasimamisha fimbo. "Najua," akasema. "Wewe najua tangu zamani." Akaendelea kupiga.

Nimepanga nguo kwenye begi. Kesho nakwenda Dodoma kwa Marietha, nikapumzike katikati ya kelele za mji, niitwe mama na watu wasionijua. Aristide alienda peke yake, mke hakulazimika kubaki akipepeta.

Ijumaa, 14 Juni

Sijaenda. Mbegu zilikuwa zimetandazwa kwenye turubai na wingu lilikuwa linakuja. Mtu mmoja hawezi kukunja turubai.

Wingu lilipita bila mvua. Begi liko pale pale chini ya kitanda, sijalifungua.

Alhamisi, 20 Juni

Leo limetokea jambo. Nililiona kwa macho yangu, nilikuwa dukani kwa chumvi, hatua chache kutoka ghalani.

Lori la Bwana Arif limefika kutoka Singida mjini. Kwao wana kiwanda cha kukamua mafuta tangu enzi za babu yake, na hununua alizeti za hapa kila mwaka. Aliteremka, akasalimia watu vizuri, akaagiza gunia moja lifunguliwe. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa na mchanga. Gunia la pili, mabua. La tatu akazinusa tu mbegu, akakunja uso.

"Melkizedeki yuko wapi?"

Yule karani mpya, shemeji yake Hezekia, akasema mzee amepumzika.

"Anaumwa?"

"Hapana, amepumzika tu."

Bwana Arif akafuta mkono kwa leso, polepole. "Mimi mbegu mbichi ikiingia kwenye mashine inaoza, mafuta yanatoka machungu, nani atanunua? Nilikuwa nachukua za hapa bila kufungua hata gunia. Akirudi mniite."

Lori likaondoka tupu. Wenye magunia wakabaki wanaangaliana. Ni wao wenyewe walioshindilia mchanga, kila mtu kidogo, kila mtu akidhani yuko peke yake. Nikalipia chumvi yangu nikaenda. Nilikuwa na furaha mbaya, nikatembea nacheka njia nzima.

Jumamosi, 22 Juni

Wamekuja. Hezekia, mchungaji na mzee mmoja wa ushirika. Nilikuwa napepeta uani.

"Hodi," akasema Hezekia.

Nikaendelea kupepeta.

"Hodi, Mama Marietha."

"Nani mwenzangu? Nilidhani nyumba hii haisalimiwi."

Wakasimama pale na vumbi la makapi linawapiga. Nikasema yote niliyokuwa nayo. Nikawauliza mbuzi wangu mmoja anatosha au wanataka na mimi. Nikawaambia kwamba hata Aristide aliitwa arudi. Miaka kumi haijafika, Waajemi wakaja na jeshi na meli zao, Athene ikatetemeka, ndipo wakamkumbuka yule waliyemchoka. "Na ninyi mmeona lori tupu mkatetemeka. Haya, ombeni radhi. Ombeni kwa sauti, majirani wasikie."

Mchungaji akaangalia viatu vyake. Hezekia akafungua mdomo, na kweli nadhani alikuwa anaanza kuomba, nilikuwa nimemsubiri wiki zote hizi, ndipo Melkizedeki akatoka ndani.

"Karibuni," akasema.

"Mzee, tumekuja…"

"Nimesikia lori lilirudi tupu. Magunia yote yafunguliwe, yapepetwe, yaanikwe upya. Jumamosi ijayo nitafungua asubuhi. Bambo langu liko wapi?"

Basi. Hezekia akampa bambo, alikuwa amelileta chini ya koti, wakaaga, "Shikamoo, Mama Marietha," mzee wa ushirika ananiamkia mimi, mtu aliyenizidi umri! Kwa woga wake alichanganyikiwa.

Nikamgeukia mume wangu. "Ungewaacha waombe! Sekunde moja tu ungewaacha!"

"Ingewasaidia nini kukausha alizeti?" akasema.

Nilimrushia ungo. Ulimpita.

Jumatano, 26 Juni

Uwanja mzima wa ghala umetandazwa mbegu. Mwizi wa shambani hajapatikana, wala sisikii mtu akimtafuta. Watoto wananiamkia njiani, wengine mara mbili.

Jumamosi, 29 Juni

Foleni ilianza alfajiri. Nilifika na mkokoteni wangu jua limeshapanda, gunia letu la kwanza juu yake, jasho langu la mwezi mzima. Watu wakanipisha. "Pita mbele, Mama Marietha. Pita, mama." Adabu nyingi kupita kiasi. Nilijua sababu. Walitaka kuona.

Na mimi nilitaka waone. Niliikata alizeti ile kwa mikono yangu, nikaipiga, nikaipepeta, nikaianika, nikaianua kila wingu lilipopita. Nilisema moyoni, leo mtajua nyumba hii ni ya watu gani.

Melkizedeki alisimama pembeni ya mizani. "Habari ya asubuhi, mama." Kama anavyomsalimia kila mwanamke kwenye foleni. Akachoma bambo juu, akatafuna, ikalia. Akachoma katikati, ikalia. Akainama akachoma chini kabisa, akamimina kiganjani, akaweka moja mdomoni.

Haikulia.

Akatafuna ya pili. Akaitema. Foleni nzima ikanyoosha shingo.

"Mbichi," akasema. "Karudishe ukaanike."

"Baba Marietha," nikasema. "Mimi?"

"Chini ni mbichi, mama."

Nilitaka kumpiga na lile bambo. Nimetengwa kwa ajili yake, nimekosa shikamoo kwa ajili yake, nimeacha safari ya Dodoma kwa ajili ya turubai lake, na sasa mbele ya kijiji kizima ananirudisha. Macho yalinijaa maji. Nikaingiza mkono kwenye gunia mpaka chini, nikatoa mbegu, nikatafuna. Ilikuwa mbichi, laana hii. Nadhani ni zile tulizoanua haraka jioni ile ya wingu.

Nikageuza mkokoteni. Hakuna aliyecheka. Nilipofika mwisho wa foleni nikasikia magurudumu nyuma yangu, nikadhani mtu ananifuata kunipa pole. Nikageuka. Alikuwa Hezekia, anausukuma mkokoteni wake kurudi nyumbani, gunia halijafika hata kwenye mizani. Nyuma yake mke wa mchungaji. Nyuma yake wengine, wanatoka kwenye foleni mmoja mmoja, hawaangaliani. Bibi Theodora peke yake alibaki mbele, amelikalia gunia lake, anapiga kelele kwamba la kwake limekauka na yeyote anayebisha aje alitafune.

Nimelimwaga lote kwenye turubai. Jioni Melkizedeki alirudi, akavua koti, akapiga magoti upande wa pili akaanza kutandaza kwa viganja.

"Ni yale ya chini tu," akasema.

"Nyamaza."

Akanyamaza. Tukatandaza. Baadaye nikamuuliza kama aliona watu walivyogeuza mikokoteni. Akasema hakuona, alikuwa anasawazisha mizani.

"La Bibi Theodora lilipita?"

"Lilipita. Kavu mpaka chini." Akacheka, Melkizedeki, kwa sauti, na meno yake yote. "Alinibusu mkono, yule mama. Sasa nifanyeje?"

Na mimi nikacheka, kwa hasira yangu yote, mpaka nikalazimika kukaa chini. Nikamwambia Jumatatu narudi na gunia hili, na akinirudisha tena alale huko huko ghalani na mizani yake.

Akaokota mbegu moja, akaitafuna, akafikiri.

"Uje Jumanne," akasema.